Henry Amelemewa

Mwaka ni 1403, mahali ni Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Henry, kijana aliyelelewa na mhunzi wa Skalitz, amepigana na majambazi njiani na ameshinda. Sasa wamelala chini, na kila mmoja amevaa mali: chapeo ya chuma, deraya ya pete, glavu nene, upanga ambao bado una makali. Mchezaji anayemwongoza Henry anaitaka yote, kwa sababu deraya moja ikifika salama kwa mnunuzi inalipia chakula na malazi ya siku nyingi. Anavua, anachukua, anavua tena. Kisha, kwa kipande kimoja tu cha ziada, Henry hawezi tena kukimbia. Ukifungua ramani umwambie aende mjini Rattay kwa safari ya haraka, mchezo unakataa. Atakwenda hatua kwa hatua, au atapunguza.

Mchezo wenyewe ni Kingdom Come: Deliverance, uliotolewa Februari 2018 na Warhorse Studios ya Prague. Ni wa aina ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja na kuishi maisha yake, na kwa kuwa umewekwa katika Zama za Kati bila mazimwi wala uchawi, umejali sana mambo madogo ya mwili: njaa, usingizi, jeraha, chakula kinachooza mfukoni, na uzito. Swali langu ni la mtu anayependa maneno. Pale njiani, Henry akiwa hawezi kukimbia, amepatwa na nini kwa Kiswahili? Na kile alichonacho chote, kile ambacho skrini hukionyesha kwa safu na vijipicha, kinaitwaje? Michezo nitakayoitaja hapa haina tafsiri rasmi ya Kiswahili. Lakini inachezwa na Waswahili, na wakiicheza wanaizungumza. Siku tafsiri itakapokuja, ningependa mtafsiri akute meza imeandaliwa.

Hatari ya kwanza ni kwenda kuomba maneno kwa karani. Mtafsiri akikutana na inventori, jina la skrini hiyo kwa Kiingereza, atafungua kamusi na kutoka na "orodha ya mali" au "hesabu ya vitu." Ni maneno sahihi, na mahali pake ni ghalani mwisho wa mwaka, pale vitu vinapohesabiwa ili kujua kilichopotea. Henry hahesabu. Henry anabeba. Skrini ile inataka kumwambia mchezaji jinsi mwili wa mtu mmoja unavyojisikia chini ya vitu alivyojikusanyia, na orodha haina mwili.

Neno lipo, na limekuwepo Kariakoo miaka yote. Mfanyabiashara wa jumla akikwambia "mzigo umeingia," hana maana kwamba kuna mtu kalemewa. Anasema bidhaa mpya zimefika, njoo uchague. Akikwambia "mzigo umekata," bidhaa zimekwisha. Lakini kijana aliyeziingiza dukani kwa mkokoteni naye ataita vitu vilevile mzigo, na kwake neno lina uzito wa kilo. Ni neno moja lenye bidhaa na bega ndani yake. Sijui lugha nyingine inayompa mtafsiri wa michezo hii zawadi kama hiyo. Kichwa cha ukurasa kiandikwe "Mzigo," basi, na mchezaji ataelewa kwa pamoja kwamba anaangalia alichonacho na kinachomtaabisha.

Wala si mara ya kwanza kwa kompyuta kwenda kuazima kwa wachukuzi. Tunaposema "pakua programu" tunasema neno la bandarini: kupakua ni kuondoa shehena chomboni, na ni kutoa chakula chunguni pia. Kupakia ni kinyume chake, nalo ndilo tunalotumia mtu anapoweka picha mtandaoni. Kipakatalishi kimetokana na kupakata, kumweka mtoto mapajani. "Ngamizi," lililoundwa kwa ajili ya kompyuta, halikushika. Maneno yaliyotoka kwenye mikono, mapaja na migongo ya watu yalishika. Kwangu huo ni ushahidi wa kutosha juu ya mahali pa kutafuta.

Tuanze na kuvipata vitu. Kitufe ni kimoja, cha kuchukua, na katika michezo mingi kinatumika kwa lolote lile. Kiswahili kinaona matendo mbalimbali. Kitu kilicholala chini bila mwenyewe huokotwa. Jani la dawa huchumwa, na Henry huchuma mno, kwa kuwa elimu ya mitishamba ni mojawapo ya stadi zake. Maiti hupekuliwa. Mali ya adui aliyeshindwa hutekwa, na jina lake ni nyara au ngawira. Hili la pili nalipenda zaidi, kwa sababu siku hizi "teka nyara" limemezwa na habari za watu waliotekwa, na ngawira bado inanukia vita vya upanga. Kilicho ndani ya kasha la mwenye nyumba aliyelala huibwa. Waundaji wa mchezo walihitaji tofauti hii ya mwisho, maana kitu cha wizi hubaki na alama yake, na askari akikupekua akakuta nacho una kesi ya kujibu. Wao waliiweka tofauti kwenye alama. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuiweka kwenye kitenzi, kitufe kikabadilika neno kulingana na kilicho mbele ya mkono: okota, chuma, pekua, iba. Mchezaji ataonywa na lugha kabla ya kuonywa na askari.

Tukifika kwenye kubeba, utajiri unazidi. Katika matumizi ya zamani, neno la jumla lilikuwa kuchukua, ndiyo maana tuna mchukuzi na tuna Wizara ya Uchukuzi. Kubeba kulielekea zaidi mgongoni. Leo beba imepanda ikawa neno la jumla na chukua imesogea kwenye kutwaa. Mchezo unahitaji yote mawili, na mgawanyo huu wa kisasa unaufaa: unachukua mara moja, unabeba muda wote. Nyuma yake kuna vitenzi vinavyojua sehemu ya mwili. Kujitwika ni kichwani, na mzigo hukalia kata, kile kipete cha majani au kitambaa kinachozuia fuvu lisiumie. Kueleka ni mgongoni au ubavuni, kwa mbeleko. Kupakata ni mapajani. Kufumbata ni kwenye kiganja kilichofungwa. Mzega ni ndoo mbili zinazoning'inia kwenye mti uliolazwa begani. Na kupagaa ni kubeba begani, ndiko alikotoka mpagazi. Umbo la kutendwa la kitenzi hicho, kupagawa, tunalitumia kwa mtu aliyepandwa na pepo: amebebeshwa kitu ambacho hakukiomba, nacho kimemkalia.

Michezo mingi haijui lolote katika haya. Vitu vyote vinaingia mahali pamoja pasipoonekana, na kinachobaki ni jumla ya uzito. Mikuki kumi na kabichi kumi hukaa vilevile. Kingdom Come nayo ina tabia hiyo, isipokuwa katika jambo moja. Henry anaweza kuinua maiti na kumweka begani, na wakati huo unaona mwili wake umebadilika na mwendo umebadilika. Pale, na pale tu, neno sahihi ni kupagaa. Ningekuwa mtafsiri nisingekubali kuandika "beba maiti" wakati Henry mwenyewe anaonekana amempagaa.

Nirudi pale njiani. Hali ile ya kuzidiwa na uzito, Waingereza wameipa jina lililotoka Kifaransa cha kale, na ndani yake mna wazo la njia iliyozibwa. Warumi waliita mizigo ya jeshi impedimenta, neno lililojengwa juu ya mguu: kinachoufunga mguu. Lugha hizo zilitazama kizuizi, kuziba na kufunga. Kiswahili kinatazama uzito wenyewe ukimkalia mtu. Kitu hulemea, mtu hulemewa. Henry amelemewa. Nimejaribu majirani wote wa neno hili na hakuna linalolishinda. "Amezidiwa" ni zito mno, maana ndilo tunalolitumia kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na Henry hajafika huko. "Ameelemewa" linakaribia sana, lakini masikioni mwangu siku hizi limehamia kwenye kazi na madeni, mambo yanayoegemeza uzito wao juu ya akili. "Amelemewa" bado linamwonyesha mtu aliyesimama, magoti yamelegea kidogo, akitembea. Ndivyo hasa mchezo unavyomwonyesha.

Tahadhari moja kwa atakayetaka kuligeuza nomino. Asidanganywe na mfanano wa sauti akaangukia "ulemavu," neno la kulemaa, lenye watu na haki zao. Hali iitwe kulemewa, basi, kwa kitenzi-jina. Sioni haja ya kubuni zaidi.

Kabla ya kulemewa kuna hali nyingine ambayo michezo haina jina lake na sisi tunalo. Meli iliyojaa mizigo yake kama ipasavyo tunasema imesheheni. Hakuna lawama ndani ya neno hilo, hata fahari imo. Mchezaji yeyote anaijua saa hiyo: namba imekaribia kikomo, kila kitu kilichomo kina thamani, na mtu bado anakimbia. Amesheheni. Kati ya mwepesi na aliyelemewa, hilo liwekwe katikati, na rangi ya kipimo ibadilike hapo.

Sasa namba. Katika Skyrim, mchezo wa Bethesda uliotoka Novemba 2011, unaanza safari ukiweza kubeba 300. Mia tatu nini? Mchezo hausemi. Upanga wa chuma ni 9, chupa ya dawa ni 0.5, mfupa mmoja wa zimwi ni 15, na kila mchezaji anakumbuka uchungu wa kumwua zimwi la kwanza kisha kuiacha mifupa yake kilimani. Ukifikiri ni ratili, upanga wa 9 unakaribia kilo 4, ilhali panga halisi za mkono mmoja za Zama za Kati nyingi hazikuzidi kilo 1 na nusu. Ukifikiri ni kilo, ndiyo hatari zaidi. Ni uzito wa kimchezo tu, na mtafsiri ajizuie kuongeza "kg" pembeni kwa kutaka kusaidia. Sarafu za dhahabu katika mchezo huohuo hazina uzito kabisa. Unaweza kutembea na laki moja mfukoni ukaruka nazo ukuta.

Babu wa michezo hii alikuwa na fikra ya kinyume, na hapa moyo wangu unadunda kidogo. Dungeons & Dragons ilipochapwa mwaka 1974, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson, uzito wa kila kitu ulipimwa kwa sarafu za dhahabu. Upanga ulikuwa na uzito wa sarafu 50, deraya ya mabamba sarafu 750. Kipimo cha mzigo kilikuwa pesa yenyewe. Baadaye toleo lililofuata likaweka wazi kwamba sarafu 10 ni ratili moja. Kwa vijana wengi wa Marekani lilikuwa jambo geni. Kwa pwani yetu lilikuwa jambo la sokoni. Wakia, kipimo kilichotumika Unguja na mrima kwa vitu vya thamani, kilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile sarafu ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, gramu 28 na kitu. Wakia 16 zikafanya ratili. Muuzaji aliweka sarafu upande mmoja wa mizani na bidhaa upande wa pili.

Na Maria Theresa huyo alikuwa malkia wa Bohemia, aliyetawazwa Prague mwaka 1743, nchi ileile anayotembea Henry. Sarafu yake iliitwa thaler, jina lililofupishwa kutoka Joachimsthal, bonde la migodi ya fedha la Bohemia ambako sarafu za namna hiyo zilianza kupigwa karne ya 16. Kutoka thaler likatoka jina la dola, na kutoka dola tukapata dala, jina la mtaani la shilingi 5, ambalo wengi hulieleza kuwa ndilo lililozaa daladala: makondakta wakiita nauli, dala, dala. Zama za Henry, miaka mia moja na zaidi kabla ya thaler, Bohemia ilitumia groshi ya Prague, iliyopigwa Kutná Hora tangu mwaka 1300, na hiyo ndiyo pesa ya mchezo. Mchezo wa pili, uliotoka Februari 2025, unakupeleka hadi kwenye mji huo, kwa jina lake la Kijerumani, Kuttenberg.

Kwa hiyo vipimo. Pale mchezo unaposema waziwazi kwamba ni ratili, kama Dungeons & Dragons inavyofanya, tuandike ratili, na tusiogope kwamba neno limezeeka. Limezeeka kwa sababu tuliacha kipimo, na katika dunia ya panga na deraya uzee huo ni heshima. Toleo la tano la mchezo huo linasema mtu hubeba ratili 15 kwa kila pointi ya nguvu, kwa hiyo mwenye nguvu 10, mtu wa kawaida kabisa, anabeba ratili 150, karibu kilo 68. Mpagazi wa msafara wa karne ya 19, aliyetoka Unyamwezi kwenda pwani kwa miguu, alipewa mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani takribani frasila mbili. Huyo alikuwa mtu wa kazi hiyo, na kikomo chake hakikufika nusu ya kikomo cha mtu wa kawaida wa kwenye karatasi. Wasomaji wanaodhani Henry anaonewa na mchezo wake wafikirie frasila mbili kutoka Tabora.

Ukilemewa, unafanya nini? Kitufe tena ni kimoja, cha kuacha. Kutua ni kuweka chini kwa adabu, kwa nia ya kuinua tena. Kubwaga ni kuuachia mzigo ujipige chini kwa uchovu, na Bagamoyo, ulikoishia msafara, watu wengi wanalieleza jina lake kwa kitenzi hicho. Kutupa ni kuachana nacho. Kudondosha ni bahati mbaya, na ndilo neno ambalo mtafsiri wa haraka atalichagua, akamfanya Henry aonekane ana mikono ya siagi kila anapopanga mambo yake. Kutosa ni kutupia majini shehena ili chombo kiokoke. Kwa kitufe cha kawaida nachagua tua. Kitu kinabaki palepale kwenye nyasi na unaweza kukirudia.

Au unampa farasi. Henry hupata farasi wake, na farasi ana mzigo wake mwenyewe unaofunguliwa kwa ukurasa wake. Mifuko ya pembeni mwa farasi ina jina kwetu tangu zamani, na watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa: ni shogi, lile kapu au mfuko wa pande mbili unaolazwa mgongoni mwa punda, mchanga huku, mawe kule. Shogi za farasi. Sauti yake ni fupi, inatosha kwenye kitufe, na inaeleza kifaa bila maelezo. Stadi inayomwongezea Henry uwezo wa kubeba imepewa jina la nyumbu kwa Kiingereza, na hapo mtafsiri asifuate, kwa kuwa msomaji wa Arusha akiona "nyumbu" anaona Serengeti na mto wenye mamba. Aandike "hamali." Mtu wa bandarini anayebeba magunia ndiye kipimo chetu cha mgongo imara. Nyumbani, vitu vya ziada vinakaa kwenye kasha. Hilo halina mjadala.

Katika Skyrim unaweza kumpa mwenzako abebe. Lydia, askari unayepewa baada ya kumwua zimwi la kwanza, amekula kiapo cha kukubebea mizigo, na sauti yake anapolikumbusha hilo imewafanya wachezaji wengi waone haya kidogo. Waswahili walishayasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unamjaza Lydia mifupa ya mazimwi na hujisikii chochote, maana namba yake huioni kwenye ukurasa wako.

Limebaki jambo moja ambalo istilahi ya mzigo peke yake haitalimaliza. Katika Dark Souls ya mwaka 2011 na Elden Ring ya mwaka 2022, michezo ya FromSoftware, begi halina mwisho. Unaweza kuokota panga mia na usisikie lolote. Kinachopimwa ni ulichokivaa na kukishika: katika Elden Ring, chini ya asilimia 30 ya uwezo wako unajiviringisha kukwepa pigo kwa wepesi, chini ya 70 kwa wastani, ukizidi hapo mwili unaanguka kama gunia, na ukipita 100 huwezi kujiviringisha kabisa. Kuita uzito huo mzigo ni kosa. Hakuna mtu anayeita kanzu yake mzigo, na shujaa wa karne ya 15 aliyevaa deraya kamili ya mabamba, kilo 15 hadi 25 zilizogawanywa mwili mzima kwa mikanda na vishikizo, aliweza kupanda farasi na kuinuka akianguka. Alivaa, hakubeba. Kingdom Come hujumlisha vyote viwili kwenye namba moja, michezo ya FromSoftware hupima kimoja tu, na mtafsiri atakayetumia neno moja kwa yote atampoteza mchezaji anayehama kutoka mchezo huu kwenda ule. Napendekeza uzito wa vazi na uzito wa mzigo, kila kimoja na mstari wake, na pale mchezo unapovijumlisha, uzito tu. Kwa wanaojiviringisha: mwepesi, wa kati, mzito. Neno kulemewa liachwe kwa wale waliopita mia.